Kabla ya homa, tazama kifua

Akina mama wengi wanaofika kwenye wodi yetu ya watoto hapa Bukavu huanza na habari ya homa. "Dokta, usiku kucha alikuwa anawaka." Wananiita dokta ingawa mimi ni muuguzi; ndiyo heshima ya kwetu. Nami, kabla sijatafuta kipimajoto, namwomba mama amlaze mtoto kitandani na kumfunua. Mara nyingi kuna kofia ya sufu, sweta na vikwembe viwili juu yake, maana mji wetu una baridi ya asubuhi na hakuna mama anayetaka kusemwa kwamba amemwacha mtoto wazi. Tunavua vyote mpaka mbavu zionekane. Homa inaweza kungoja dakika moja. Pumzi haingoji.

Mtoto wa miezi miwili anayehangaika na pumzi utamjua kwa macho. Kila anapovuta hewa, ngozi iliyo chini ya mbavu inabonyea ndani. Tundu za pua zinatanuka. Kichwa kinatikisika kidogo kufuata pumzi, kama cha mtu anayeitikia maneno ya mwenzake. Anataka kunyonya, analishika titi, anavuta mara mbili tatu, kisha analiachia ili apate hewa, na maziwa yanamchuruzika shavuni. Hapo ninashika saa na kuhesabu dakika nzima, kwa sababu mtoto mchanga hapumui kwa mpangilio: anakimbiza pumzi, anapunguza, anakimbiza tena, na ukihesabu robo dakika utadanganyika. Aliye chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Kuanzia miezi 2 hadi atimize mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40. Hesabu hiyo haitaki umeme wala maabara. Simu yoyote ina saa, na mama yeyote anaweza kuifanya nyumbani mtoto akiwa ametulia au amelala.

Wengi wa hawa wadogo wana bronkioliti, yaani vijia vya hewa vilivyo mwisho kabisa ndani ya mapafu vimevimba na kujaa kamasi. Kirusi kinacholeta hali hiyo mara nyingi zaidi kinaitwa VRS kwa Kifaransa, na RSV kwa Kiingereza. Kilitambuliwa mwaka 1956 kwa sokwe waliokuwa na mafua, na muda mfupi baadaye kikakutwa kwa watoto wenye ugonjwa wa mapafu. Mtu mzima akikipata anapiga chafya siku chache na kuendelea na kazi zake. Kwa mtoto wa miezi miwili vijia vile ni vyembamba mno. Uvimbe kidogo tu unatosha kuzuia hewa, na hewa iliyokwisha kuingia inatoka kwa shida, ndiyo ile filimbi tunayoisikia kifuani. Ugonjwa huanza kama mafua ya kawaida, na siku ya tatu hadi ya tano ndipo kifua hubana zaidi. Mama aliyeambiwa siku ya kwanza "ni mafua tu" hakudanganywa. Lakini mara nyingi hakuna aliyemwambia siku zinazofuata aangalie nini.

Namkumbuka mama mmoja wa Cimpunda, mtaa wa hapa Bukavu. Kazi yake ilikuwa kununua makala, yaani makaa ya kupikia, yanayoshushwa na mashua ziwani, kuyapandisha mlimani mgongoni, na kuyauza kwa vifuko kando ya njia. Alifika jioni na motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, mtoto wake wa miezi mitatu kifuani, wote wawili wamelowa, na mkononi mfuko mweusi wa plastiki. Nilipouliza mtoto amepewa dawa gani, akaumwaga mfuko kitandani. Kulikuwa na chupa mbili za antibiotiki za aina tofauti, zote zimefunguliwa na hakuna iliyofika nusu. Siro ya kikohozi ambayo haifai kabisa kwa mtoto wa umri ule. Vidonge vya salbutamoli, dawa ya pumu, vilivyokatwa robo kwa kisu. Bomba la sindano lililokwisha kutumika. Na nilipomulika kooni nikakuta kidonda kibichi: siku iliyotangulia walikuwa wamempeleka akatwe kilimi, kwa kuambiwa kwamba ndicho kinachomkohoza.

Kila kitu kwenye mfuko ule kilikuwa na bei, na kilimi pia. Pesa ya kununua makala ya wiki ilikuwa imeishia humo. Hakuna hata kimoja ambacho kingefungua vile vijia vya hewa.

Kipimo cha oksijeni tulikifunga kwenye dole gumba la mguu, kikasoma 84 kwa 100. Sisi tunaoishi kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 tuna oksijeni pungufu kidogo kuliko watu wa pwani, lakini hata kwetu, chini ya 90 mtoto huwekewa oksijeni bila mjadala. Tulidondosha maji ya chumvi puani na kufyonza kamasi. Tukaweka vijipira viwili kwenye tundu za pua, tukavibandika mashavuni kwa plasta iliyokatwa nyembamba ili isimchubue, tukafungua lita moja kwa dakika. Mpira wa chakula tuliupitishia mdomoni. Mama akakamua maziwa kwenye kikombe, nasi tukayashusha polepole, kidogo kidogo, kwa sababu tumbo likijaa ghafla linasukuma mapafu juu.

Kesho yake alikuja bibi wa mtoto kumpokea binti yake zamu. Alikaa muda mrefu akitazama, kisha akaniita kwa upole: "Mwanangu, tangu jana mnampa upepo na maziwa ya mama yake. Sindano ni lini?"

"Koko, upepo huu ndio dawa," nikamwambia.

Alinitazama kwa mashaka, na mashaka yake yalikuwa ya haki. Maisha yake yote ameona mgonjwa akitibiwa kwa kitu kinachochoma au kinachomezwa, na kadiri kinavyochoma ndivyo kinavyohesabiwa kuwa na nguvu. Nikamweleza kwamba antibiotiki huua bakteria na kirusi hakiguswi nayo. Kwamba mwili wa mtoto wenyewe utakishinda kirusi ndani ya siku chache, na kazi yetu ni kumshikia pumzi na kumlisha mpaka mwili umalize kazi hiyo. Nikamwonyesha kipimo kidoleni: kilikuwa kinasoma 95. Kisha nikamwonyesha mbavu. Bibi aliinama, akazitazama mwenyewe, akasema kweli zimepungua kuvutika. Kutoka saa ile yeye ndiye aliyekuwa akiwakemea watu wa kitanda cha jirani wasichomoe mipira puani kila mtoto anapolia.

Niseme ukweli kuhusu antibiotiki, nisije nikamfanya mzazi azitupe. Nimonia ya bakteria ipo na inaua, na kwa kuwa hatuna maabara ya kutofautisha haraka kirusi na bakteria, mtoto mwenye hali mbaya mara nyingi tunamwandikia, na tunafanya vizuri kumwandikia. Ninachokataa ni ile ya kwenda farmasi tatu, kila moja ikitoa chupa yake, bila mtu yeyote kumvua mtoto nguo. Chanjo nazo zimebadilisha hali. Kongo ilianza kutoa chanjo yenye kinga dhidi ya bakteria wa Hib mwaka 2009, na ya pnemokoki mwaka 2011. Mtoto aliyekamilisha chanjo hizo kwenye CPS, kliniki ya watoto wadogo, ana kinga dhidi ya bakteria wawili wabaya kuliko wote wa mapafu, na akikohoa uwezekano wa kirusi unakuwa mkubwa zaidi. Uchunguzi mkubwa uliofanywa katika nchi 7 za Afrika na Asia, ikiwemo jirani yetu Zambia, na Kenya pia, na kutangazwa mwaka 2019, ulikuta kwamba VRS peke yake ilisababisha karibu theluthi moja ya nimonia kali za watoto waliolazwa.

Kwa dunia nzima, makadirio ya mwaka 2019 yanasema VRS ilileta maradhi ya mapafu mara milioni 33 kwa watoto walio chini ya miaka 5, ikalaza watoto hospitalini mara milioni 3.6, na watoto wapatao 101,400 wakafa. Katika waliolazwa, milioni 1.4 walikuwa hawajatimiza miezi 6. Zaidi ya 97 kwa 100 ya vifo vilikuwa katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati kama yetu. Ila namba iliyonigusa kuliko zote ni nyingine: kati ya vifo hivyo, karibu robo tu ndivyo vilivyotokea hospitalini. Watoto wengine wote walifia nyumbani au njiani. Mimi ninayelalamika kwamba vitanda vimejaa, na watoto wawili wanalala kitanda kimoja, ninawaona wale waliofika tu. Wale wa Kadutu juu ambao motari alikataa kupanda kwa sababu ya matope, siwaoni.

Mwishoni mwa 2024 habari ziliposambaa kwamba kuna ugonjwa usiojulikana Panzi, simu yangu haikupumzika, maana sisi Panzi tunayoijua ni mtaa wetu wa Bukavu wenye hospitali. Ile ilikuwa zoni ya afya ya Panzi, mkoani Kwango, mbali sana na hapa. Walioathirika zaidi walikuwa watoto chini ya miaka 5, na vipimo vilipofanywa ikaonekana ni virusi vya mafua na kifua vya kawaida, vimekutana na malaria na utapiamlo. Jamaa waliokuwa wakinipigia walisikia afueni: kumbe si ugonjwa mpya. Mimi sikusikia afueni hata kidogo. Virusi vile vile viko kwenye korido yetu, na watoto wembamba tunao.

Turudi kwa mama wa makala, maana habari yake haikuishia kwenye oksijeni. Mtoto mmoja akilazwa, nyumba nzima inalazwa naye. Mama hawezi kutoka kwa sababu ndiye maziwa. Watoto wawili waliobaki Cimpunda walikuwa wanakula kwa jirani, na siku ya tatu jirani akatuma mtu aje kuuliza mama anarudi lini. Baba alikuwa machimboni Shabunda, simu haishiki. Chakula cha anayelinda mgonjwa kinatoka nyumbani, na nyumbani hakuna mtu wa kupika, kwa hiyo mama alikuwa anakula ndizi na chai, halafu tunashangaa maziwa yanapungua. Wauguzi tulimpatia bugali na sombe tulipoweza. Muuguzi anayemhimiza mama akamue maziwa bila kuuliza amekula nini, anapoteza maneno.

Bili ilipokuja, iliyomwokoa ni likelemba, ule mchezo wa kuchanga pesa na kupokea kwa zamu. Wenzake wa makala walikubali apokee zamu yake mapema. Wengine hawana wenzao wa namna hiyo. Nimeona familia zikisaini karatasi ya kuondoka mtoto akiwa bado anavuta mbavu, kwa hesabu ya kwamba kila usiku unaongeza deni. Nimeona mtoto aliyepona akikaa wodini siku baada ya siku kwa sababu deni halijalipwa, kitandani palepale ambapo angeweza kulala mgonjwa mwingine, na katikati ya watoto wanaokohoa wanaoweza kumwambukiza upya. Tangu benki zifungwe mwanzoni mwa 2025, hata mwenye mshahara anaweza kukosa pesa mkononi. Mzigo huu haupo kwenye takwimu za dunia, lakini ndio unaoamua mama aje siku ya tatu au siku ya sita.

Upande wetu mzigo unaitwa umeme. Mtambo wetu wa oksijeni huchukua hewa ya kawaida, huondoa naitrojeni, na kutoa oksijeni. Hautaki mitungi ya kusafirishwa kwenye barabara mbovu, na kwa hilo ni baraka. Mmoja unaweza kuhudumia watoto kadhaa kwa kugawanya mpira, maana mtoto mchanga anahitaji lita moja au mbili tu. Lakini umeme ukikatika, mtambo unalia na kunyamaza, na watoto wote wanaoutegemea wanapoteza oksijeni kwa pamoja. Kati ya kukatika umeme na jenereta kuwaka kuna dakika ambazo muuguzi wa zamu ya usiku hazisahau. Tunawageuza walale kichwa juu kidogo, tunafyonza kamasi, tunatoa tochi za simu na kutazama rangi ya midomo. Kama nina jambo moja la kuwaomba wanaotaka kusaidia watoto wa mji huu, ni oksijeni yenye umeme wa uhakika: paneli za jua na betri kwa ajili ya wodi ya watoto peke yake, na fundi anayejua kubadilisha vichujio vya mtambo. Nimeona mitambo mizuri iliyotolewa kwa sherehe na picha, sasa imekaa pembeni kwa kukosa kichujio.

Watoto hawa wanaambukizwa wapi? Mara nyingi nyumbani, na kwa upendo. Watafiti wa Kilifi, Kenya, waliofuatilia familia kwa karibu, waliona kwamba kaka na dada wanaosoma shule ndio wanaokileta kirusi nyumbani mara nyingi na kumpa mdogo wao. Nasi tuna desturi yetu nzuri ya kwenda kumwona mzazi. Kila mgeni anampakata mtoto, anambusu, anampokeza mwingine. Siwezi kumwambia mama wa Nyamugo afunge mlango. Ataonekana ana kiburi, au anaficha jambo. Ninamwambia hivi: weka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na mwenye mafua amsalimie mtoto kwa mbali bila kumpakata, na lawama zote nitupieni mimi. "Muuguzi alikataza." Shangazi ambaye hangemsikiliza mama kijana anamsikiliza muuguzi. Kwa mwezi wa kwanza na wa pili, jambo hilo linafaa kuliko chupa yoyote ya farmasi.

Halafu kuna mbabula, jiko la makala. Msimu wa mvua, kuanzia Septemba hadi Mei, watu wanaiingiza ndani, mlango unafungwa, na mtoto analazwa karibu ili apate joto. Moshi wa makala hauonekani sana kama wa kuni, ndiyo maana watu wanauamini. Unachubua njia za hewa zile zile ambazo kirusi kinazitafuta, na chumba kilichofungwa kinaweza kuua watu wazima usingizini. Kama hakuna pa kupikia ila ndani, basi washa nje hadi makala yawe mekundu, ingiza, acha dirisha wazi, na mtoto akae mgongoni mwa mtu mwingine chumba cha pili au kwa jirani. Baridi ya Bukavu haimpi mtoto nimonia. Mgongo wa mama na kikwembe vinatosha kumpa joto.

Jambo linalonipa moyo sasa limeanzia kwa wajawazito. Tangu 2023 kuna chanjo ya VRS anayodungwa mama mwenye mimba, ili kinga ipite kwenye kondo na mtoto azaliwe nayo. Ipo pia kinga iliyotengenezwa tayari, nirsevimabu, anayodungwa mtoto mwenyewe mara moja na kumlinda kwa miezi kama mitano, yaani ule muda ambao vijia vyake ni vyembamba kuliko wakati wowote. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nchi zote zitumie mojawapo, na chanjo ya mama itolewe kuanzia wiki ya 28 ya mimba. Kwenye CPN yetu, yaani kliniki ya wajawazito, bado hatuidungi. Lakini pendekezo hilo linaniambia kazi ya kufanya kuanzia leo: wajawazito wetu wengi huja CPN mara ya kwanza tumbo likiwa kubwa, hukosa mahudhurio ya mwisho kwa sababu ya nauli au kazi ya sokoni, na hakuna chanjo itakayomfikia mama ambaye hayupo. Nimeanza kupita kwenye benchi la CPN nikitoka zamu. Ninawaonyesha kwenye simu yangu video fupi, niliyoruhusiwa na wazazi kuichukua, ya mbavu zinazovutika. Wakina mama wananyamaza, kisha mmoja anasema wa kwake wa kwanza alikuwa hivyo hivyo. Hapo ndipo ninapofundisha kuhesabu pumzi, kila mmoja akiwa na simu mkononi, tukimtumia mtoto yeyote aliyelala mgongoni pale.

Mtoto wa Cimpunda aliondolewa oksijeni tulipoona anabaki juu ya 90 bila mtambo, akilala na akinyonya, usiku na mchana. Kabla hawajatoka nilikaa na mama na bibi. Niliwaambia kikohozi kinaweza kuendelea wiki mbili au tatu na kisiwarudishe farmasi. Kwamba miezi ijayo, kila mafua, kifua kinaweza kupiga filimbi tena, na mtu asimwite mtoto mgonjwa wa pumu kwa ajili hiyo peke yake. Kwamba warudi saa ile ile, hata usiku, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipatwa na degedege, akilegea asiamke, midomo ikibadilika rangi, au mbavu zikivutika. Bibi alinikatiza: "Na tukikosa pesa?" Nikamwambia waje hivyo hivyo, oksijeni kwanza, pesa tutazungumza asubuhi, na nikampa namba yangu ya simu kwa sababu najua si kila mlango utafunguka kwa maneno hayo. Alipiga mara mbili mvua zilipozidi. Mara ya kwanza alikuwa amehesabu pumzi 38, mtoto akinyonya vizuri, nikamwambia abaki nyumbani. Mara ya pili alihesabu 62, nao wakapanda pikipiki kabla giza halijaingia.